Hodi ya Msusi

Msusi alikuwa na shaka, na mimi nilikuwa na shaka na hiyo shaka yake.

"Hodihodi inameza watu," alisema, kwa ile sauti yake tulivu mno, kama ya nesi anayekuahidi kwamba sindano haiumi. "Wanaingia upande wa stendi. Wanatokea upande wa reli. Katikati hawapo."

"Si wamepita tu," nikamwambia.

"Wamepita wapi? Hakuna njia."

Ramani ya Lukwale ilikuwa imewaka juu ya meza yangu, mji mzima, na katikati yake doa jeusi. Nikisema mji mzima nina maana ya kitu kikubwa cha kutisha. Nilipokuwa mtoto Lukwale ilikuwa stendi, soko na reli, basi. Tangu hapo imetapakaa, ikala mashamba ya mkonge hadi milimani, na kila aliyekata viwanja akajenga ukuta wake na geti lake moja. Ukawa unaziona nguo za jirani yako zimeanikwa ng'ambo ya ukuta, lakini kumfikia ni mpaka ukodi bajaji. Wajawazito walijifungulia njiani wakizunguka kuta. Ndipo halmashauri yetu ikamleta Msusi, mashine ya kupanga njia. Anasoma miguu ya watu kwa macho na masikio yaliyofungwa kwenye nguzo za taa, anajua wanakotaka kwenda, na kila Jumatatu vijiko vyake vya kubomolea, visivyo na dereva, hutoka kwenda kuunganisha: hapa ukuta unatobolewa, pale mtaro unafunikwa, kule geti linang'olewa. Ukiutazama mji kutoka juu baada ya kazi yake, barabara zimelala kama mistari ya nywele. Wanawake wa sokoni ndio waliompa jina.

Mtaa usiosukika hufumuliwa. Hilo nalo ni neno la sokoni, ila sheria imelichukua lilivyo. Nyumba zinavunjwa, watu wanapelekwa pembezoni, mtaa unasukwa upya. Walipofumua mtaa wa wakubwa kule mlimani, wenye mageti ya umeme na mbwa wanaokula kuliko watu, nilipiga makofi hadi viganja vikaniuma.

Doa jeusi lilikuwa Hodihodi. Kwenye vibao unaitwa Majengo ya Chini, lakini hakuna anayeuita hivyo, maana huwezi kuuvuka bila kupita uani kwa watu, na huwezi kupita uani kwa watu bila kupiga hodi. Na hapo ndipo kasheshe ilipokuwa. Msusi amekatazwa kutazama wala kusikiliza ndani ya nyumba ya mtu. Walipokuwa wakimtengeneza, kabla mimi sijaajiriwa, waliulizana atajuaje nyumba inaanzia wapi, wakati nusu ya mji bado haina kuta. Akatokea mmoja akasema: nyumba inaanzia pale mtu anapopiga hodi. Nimesimuliwa kwamba ukumbi mzima ulimshangilia. Ni kanuni ambayo asingeitunga mtu yeyote ila Mswahili, na wala asingesahau mtu yeyote ila Mswahili kwamba kuna mahali hodi hupigwa hata njiani. Kila mpita njia wa Hodihodi akisema hodi, Msusi anafumba macho na kuziba masikio. Akija kufumbua, mtu keshatokea kwenye reli.

"Wanaficha kitu," alisema Msusi.

"Nani kakufundisha kusema hivyo?"

"Bwana Lusewa."

Bwana Lusewa mwenyewe alikuwa mlangoni, na pakiti yake ya karanga. Ndiye mkuu wetu wa idara ya njia. Hajawahi kumfokea mtu, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi, kwa sababu mtu asiyefoka huwezi kujua amekasirika lini. Alinimiminia karanga kiganjani bila kuniuliza kama nazitaka.

"Dada Chausiku, Jumatatu ijayo tunaifumua," akasema. "Mtaa mzima ule hauna njia hata moja, na watu wanapotelea mle kama panya. Ama kuna mahandaki, ama kuna biashara isiyotaka mwanga. Msusi ameshachora barabara."

Barabara yenyewe ilikuwa nyekundu, imenyooka, imeanzia stendi hadi reli. Niliifuata kwa kidole. Ilipita juu ya ua wa shangazi yangu Mwantumu, juu ya jiko lake na banda lake la kuchajia betri za pikipiki, na juu ya kile chumba nilicholala tangu mama alipofariki hadi nilipoolewa.

"Wewe kwenu hasa ni wapi?" Lusewa akaniuliza, akitafuna.

"Ng'ambo ya reli," nikamjibu. Kwa baba ni ng'ambo ya reli kweli, kwa hiyo sikusema uongo. Lakini alinitazama mpaka karanga zikaanza kunilowa mkononi.

*

Nilikwenda mchana uleule. Kuanzia stendi nilipiga hodi uani kwa fundi viatu, nikapiga kwa wauza mkaa, nikapiga kwa Kibwana mchomelea vyuma, jirani wa shangazi, aliyesema karibu bila kuinua kichwa. Zamani angeniuliza habari za mume wangu. Safari hii alizima moto wake akanisindikiza kwa macho, kwa sababu nilikuwa nimesahau kuvua kitambulisho cha ofisi shingoni.

Nilipofika kwa shangazi nikaita, "Hodi!"

"Subiri!" ikajibu sauti yake kutoka nyuma ya ua wa makuti.

Nikasubiri. Nyuma yangu akaja kijana wa bodaboda amejitwisha betri begani, naye akapiga hodi, naye akaambiwa subiri. Akaitua betri chini akachuchumaa, hakuuliza kuna nini. Harufu ya majani yaliyochemshwa ilikuwa inatoka, na mtoto mchanga analia. Mwajabu, binti wa Kibwana, alikuwa amejifungua, na shangazi alikuwa akimkanda kwa maji ya moto palepale uani, penye jiko na nafasi. Mtaa mzima ulisimama hapo mpaka mzazi akamaliza kukandwa, akajifunga kanga zake, akaingizwa ndani. Ndipo shangazi akasema, "Karibuni, piteni."

Yule kijana akapita kwenda kubadilisha betri. Mimi nikaketi kwenye kigoda.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Na hicho kitambulisho umekuja kunionyesha, ama?"

Nikakivua. Alikuwa na mikono mizito ya mtu aliyebeba betri miaka mingi, na jicho ambalo hata leo sijaweza kulidanganya likadanganyika. Habari za kufumuliwa zilikuwa zimeshafika. Vipaza sauti vya stendi vilitangaza tangu asubuhi.

"Wanasema hatuna njia," akasema. "Huyo aliyepita hapa na betri amepita hewani?"

"Msusi haoni, shangazi. Mtu akipiga hodi anajua amefika nyumbani kwa mtu, anafumba macho."

"Ana adabu kuliko wenzake wengine wa ofisini."

"Hiyo adabu ndiyo itakayowavunjia nyumba." Nikasogeza kigoda. "Nikimweleza kwamba hapa watu hupita, kwamba nyua zenu ndizo njia, mtaa utahesabika unapitika. Barabara itafutwa. Nyumba yako itabaki."

Nilitegemea afurahi. Alifuta mikono yake kwenye kanga, polepole.

"Na ikishahesabika ni njia, ni njia ya nani?"

Hapo nikababaika, kwa sababu jibu nililijua. Sheria inasema njia iliyohesabiwa ni ya wote, saa zote, na Msusi ana ruhusa ya kuona na kusikia kila kinachofanyika juu yake. Toroli za mizigo zinazojiendesha zingepita katikati ya maji ya moto ya Mwajabu, na asingekuwepo wa kuziambia lolote.

"Chausiku, mwanangu," shangazi akasema, "watu wamepita hapa tangu bibi yako hajazaa. Sijawahi kumtoza mtu, sijawahi kumfukuza mtu. Lakini ni kwangu. Mtu akipiga hodi ananipa nafasi ya kumwambia asubiri. Hiyo nafasi ukiniondolea, afadhali hicho kijiko kije kinivunjie nijue moja."

"Hujui unachosema. Ukivunjiwa utapelekwa kule kwenye mkonge, kilomita na kilomita, huna mteja wala jirani."

"Nawe hujui unachouza."

Niliumia. Niliumia hasa kwa sababu Kibwana alikuwa amesimama kwenye upenyo wa makuti, na nina hakika alisikia neno hilo la mwisho.

*

Nilirudi ofisini nikiwa nimekasirika, na ninapokasirika huwa nafanya kazi vizuri. Nilimwambia Lusewa kwamba Hodihodi hakuna mahandaki wala magendo, kuna hodi tu, na kwamba nataka kumpa Msusi somo jipya kabla ya Jumatatu.

"Hodi si ukuta," nilimwambia Msusi. "Wakati mwingine hodi ni njia yenye mwenyewe."

"Njia yenye mwenyewe si njia," akajibu Msusi.

"Ndiyo maana unapiga hodi. Ukifika penye hodi, usifumbe macho ukageuka. Piga hodi na wewe. Usikilize unajibiwa nini."

Lusewa alivuta kiti. Tulikaa jioni ile mimi na yeye, tukimweleza mashine kitu ambacho mtoto wa miaka mitatu anakijua bila kufundishwa. Akiambiwa karibu, ua umehesabiwa ni njia na mtaa hauvunjwi. Akiambiwa hapana, mtaa umefungwa na kijiko kinaendelea na barabara yake. Akipiga hodi mara tatu asijibiwe, mwenyewe hayumo, na sheria inaruhusu kubomoa nyumba isiyo na mtu. Hili la tatu lilikuwa la Lusewa. Mimi ningesema kwamba asiyejibiwa mara tatu anarudi kwao, kama tunavyofanya sote, lakini aliliweka kwa upole wake uleule, na mkuu ni yeye.

"Na akiambiwa subiri?" nikauliza, kana kwamba limenijia tu.

"Atasubiri. Dakika ngapi?"

"Muda wa mtu kujifunga kanga."

"Basi dakika mbili."

"Ukimwekea dakika, siku moja ataingia mtu yuko nusu uchi, tushitakiwe," nikasema. "Mwache asubiri mpaka aambiwe karibu. Kama watu."

Aliacha kutafuna. Nilitazama ramani nikajifanya nahesabu vichochoro. Najua anajua maana ya subiri ya Mswahili. Ni mtu mzima, ameshakaa kwenye mabaraza ya watu. Subiri inaweza kumaliza mchana, inaweza kumaliza mwaka. Na wakati Msusi anasubiri, hawezi kuhesabu njia wala kuvunja nyumba.

Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Sawa, dada Chausiku. Iwe unavyotaka. Lakini nikuulize, umeshawahi kumsikia mtu anapigiwa hodi akasema kitu kingine kabla ya karibu? Ulimi unatangulia wenyewe. Watasema karibu, na nyua zote zile zitakuwa zetu kwa heshima zote, bila kuvunja tofali." Akamgeukia Msusi. "Somo linaingia kwa jina la nani?"

Hiyo ndiyo kanuni: mashine haina jina mbele ya sheria, hivyo somo lolote linatembea na jina la aliyelifundisha, awepo mtu wa kuulizwa.

"Langu," nikasema. Sikuweza kumwachia yeye. Somo likiwa lake angelibadilisha nikiwa nimelala.

Nilifikiri sana njiani kurudi nyumbani. Kama alikubali kirahisi hivyo, ama ni kwamba nimemshinda, ama ni kwamba alikuwa amekaa muda wote akisubiri mtu wa Hodihodi aje amfundishie mashine yake jinsi ya kuingia Hodihodi. Kila nikilipima, upande wa pili ulikuwa mzito zaidi.

*

Jumapili nilikwenda tena kwa shangazi, safari hii bila kitambulisho. Nilipopiga hodi kwa fundi viatu, karibu ilichelewa. Kwa Kibwana ilichelewa zaidi.

"Droni ya Msusi imeshinda juu ya nyua zetu tangu jana," Kibwana akaniambia, mlango wake wa chuma mkononi kama anataka kuufunga. "Inafuata mapito yetu yote, moja baada ya moja. Zamani ilikuwa ikifika hapa inageuka. Sasa kuna mtu ameielekeza. Wewe uko ofisini, dada. Ni nani?"

"Sijui," nikasema.

Shangazi alikuwa peke yake, anapanga betri zilizojaa upande mmoja na tupu upande mwingine. Nilichuchumaa karibu yake nikanong'ona.

"Shangazi, kesho kijiko kitakuja mpaka hapo kwenye upenyo. Hakitaingia. Kitapiga hodi."

"Kijiko?"

"Nisikilize. Usiseme karibu. Hata kama ulimi unakuwasha. Wala usikifukuze, wala usinyamaze. Sema subiri. Basi. Waambie na wengine, kila mtu uani kwake."

Aliacha betri.

"Umejuaje kwamba kitapiga hodi?"

Hapo ndipo ningesema. Uani hapakuwa na mtu mwingine, ni sisi wawili na kuku. Ningemwambia kwamba ni mimi, kwamba nimempa Msusi mlango wetu na nimeuwekea komeo kwa ndani, na komeo lenyewe ni neno lake yeye. Lakini nilikumbuka alivyoniambia sijui ninachouza, na kule nje Kibwana alikuwa ameacha kugonga vyuma.

"Nimesikia tu ofisini," nikasema.

Lile jicho likanitua usoni, likakaa.

"Haya," akasema. "Chai ipo, kama unataka."

Nilikunywa chai. Ilikuwa na tangawizi nyingi kama siku zote, na hakuniuliza kitu kingine, akaniacha niondoke bila kunifungia hata andazi la njiani. Shangazi yangu hajawahi kuniacha niondoke mikono mitupu.

*

Kijiko kilikuja asubuhi, cha manjano, kimya, kinatembea kwa adabu katikati ya mitaro kana kwamba kinaogopa kukanyaga miguu ya watu. Mimi nilikuwa nyuma yake, kwa sababu sheria inamtaka afisa awepo. Lusewa hakuja. Alituma ujumbe kunitakia kazi njema.

Mtaa mzima ulikuwa umejaa uani kwa shangazi, na waliokosa nafasi walikuwa juu ya kuta. Mwajabu alisimama mlangoni na kichanga chake. Shangazi alikuwa kwenye kigoda mbele ya jiko lake, kanga moja kiunoni, moja kichwani.

Kijiko kikasimama kwenye upenyo wa makuti.

"Hodi," akasema Msusi.

Niliwaona watu wote wakishtuka kwa pamoja, ile pumzi ikipanda kifuani na kuitafuta karibu. Mwajabu aliuma kanga. Kibwana aliziba mdomo wake kwa kiganja.

"Hodi," akasema tena Msusi.

Midomo ya shangazi ikaanza kufunguka. Nilikufa pale nilipo. Nilijua umbo la neno lililokuwa linakuja, nimelisikia likitoka kwenye mdomo ule maelfu ya mara, halimbagui mwizi wala mgeni.

"Nani?" akauliza shangazi.

Hilo sikuwa nimemfundisha. Lusewa hakulifikiria, nami sikulifikiria, ingawa hakuna mtu aliyewahi kupigiwa hodi asiulize. Kijiko kikajibu kama anavyojibu kila mtu duniani aliyesimama nyuma ya mlango.

"Mimi."

Watu wakaangua kicheko. Hata kwenye ile hofu walicheka, waliokaa ukutani wakapiga mapaja, na mimi nikacheka nao.

"Mimi nani?" akasema shangazi, bila kucheka.

Mashine haina jina mbele ya sheria.

"Mimi Chausiku Mhina," akasema Msusi, kwa sauti yake ileile tulivu, mtaa mzima ukasikia.

Kicheko hakikukatika kwa mara moja. Kiliisha kwa mmoja mmoja, kadiri kila mtu alivyoelewa. Kibwana alitoa kiganja mdomoni. Shangazi akainama upande mmoja, akachungulia nyuma ya kijiko, akaniona.

"Kumbe," akasema.

Nilitaka kumweleza. Maneno yote yalikuwepo: komeo, kanga, dakika mbili, Lusewa na karanga zake. Nikanyanyua mguu nipite kando ya kijiko nimfikie, na mguu ukakataa, kwa sababu nilikuwa sijabisha. Tangu naanza kutembea sijaingia pale bila kubisha.

"Hodi, shangazi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ya kitoto.

Alikitazama kijiko. Akanitazama mimi. Alichukua muda wake, akajifunga vizuri ile kanga ya kiunoni.

"Subiri," akasema.

Hakusema anamwambia nani. Kijiko kikashusha mkono wake chini, kikazima taa. Watu wakaanza kutawanyika wakirudi kwenye nyua zao, wanapita mbele yangu wanaangalia chini, na Mwajabu akaingia ndani kunyonyesha. Nyumba ilikuwa imesimama. Jiko lilikuwa linatoa moshi. Nikabaki pale kwenye upenyo, bega langu limegusa chuma cha manjano.

Baadaye akaja yule kijana wa bodaboda na betri yake begani.

"Hodi!" akaita.

"Karibu, baba, pita," akajibu shangazi kutoka jikoni. Msusi hakulihesabu hilo; lilijibu hodi ya kijana, na yeye alikuwa bado anasubiri lake.

Kijana akageuka upande, akajipenyeza katikati yangu na kijiko, akapita.